Sanduku Linalomwamkia Mzee Maganga

Jumatatu, 5 Septemba 2005

Leo sanduku langu limesema! Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, barazani kwa Mzee Maganga, njia ya Dutwa. Naandika hadi dakika kwa sababu wajukuu watauliza.

Mambo yenyewe ni haya. Mzee Maganga ana ng'ombe arobaini na tatu, na kiangazi cha mwaka huu hakina huruma. Lambo liko mwendo wa saa mbili kwa ng'ombe. Maji yakishuka chini ya sentimita hamsini, ng'ombe wananasa kwenye tope kabla hawajayafikia. Siku hiyo inabidi wapelekwe visima vya mchangani, huko mtoni, upande wa pili kabisa, saa nne za kutembea. Ukichagua njia isiyo sahihi asubuhi, jioni unarudi na ng'ombe pungufu. Sasa mimi, Januarius, fundi redio wa Bariadi, nimeweka sanduku moja lambo, lenye boya la kupima maji, na sanduku la pili ukutani kwa mzee. Alfajiri lile la lambo linapima na kurusha neno hewani. La nyumbani linalipokea na kuliandika kwenye kioo kidogo cha kijani. Redio zake nilizipata kwenye chakavu cha kampuni moja ya pamba iliyokuja soko lilipofunguliwa, ikanunua misimu mitatu, ikaondoka, hata jina lake hatulikumbuki. Ubongo ni chipu niliyoagiza Mwanza, ndogo kama kunguni.

Mzee alitoa sharti moja. Kitu kisichosalimia hakitasema nyumbani kwake. Nikakubali. Basi leo kioo kikaandika: Mwangaluka baba. Kaya mhola? Ng'ombe mhola? Maji 151. Yaani umeamkaje baba, nyumbani salama, ng'ombe salama? Aliyesoma ni binti yake Milembe, mwalimu wa darasa la tatu, maana macho ya mzee hayashiki tena herufi ndogo. Mzee akavua kofia, akalijibu sanduku salamu zote hadi ya mwisho, habari za kaya na za ng'ombe, mmoja mmoja kwa majina, akimalizia na Mabala, yule wa madoa, aliyeachwa na marehemu mkewe. Nilitaka kulia.

Nimemwahidi kwamba betri nne za tochi zitafika mvua za Novemba. Siku sitini! Zikifika, atanisimamisha mbele ya mkutano wa wafugaji, na kila lambo litapata sanduku lake. Ameongeza kwamba siku likimdanganya, atalifukia zizini.

Nimerudi kwa miguu nikiwa nimeduwaa. Niliyaona malambo yote, kuanzia hapa mpaka Maswa, mpaka Nyashimo, mpaka Kiloleli kule ziwa linakong'aa, na kila moja lina sanduku, na masanduku yanaamkiana kwa sauti ya chini kabla jua halijatoka. Nimepita nyumba ya shangazi Felisita, ninapoishi, bila kuiona. Nimegeuzwa na mbwa.

Betri mbili kati ya zile nne ni za redio ya shangazi. Bado hajajua.

Alhamisi, 8 Septemba

Betri zimekwisha. Siku ya tatu! Kioo cheusi kama kisogo cha sufuria. Milembe alipita karakana akienda shule, akasema sanduku limekufa asubuhi hii, mzee amekaa mbele yake robo saa nzima na kofia mkononi.

Nimevuka barabara kwenda kwa Selestini kuchukua nyingine. Selestini anauza betri. Tangu biashara zilipoachiwa, duka lake limejaa betri za kila picha, za tai, za radi, hata moja ya mbuzi, na yeye mwenyewe amekaa katikati yake akinukia sabuni. Akauliza kwa upole kama ningependa katoni nzima, kwa kuwa anaona sanduku langu lina hamu nzuri ya kula. Nikamwambia ni majaribio. Akasema yeye anapenda sana majaribio.

Shangazi amegundua. Kwaya yake ya redioni ya alasiri haikusikika. Nimekula ugali bila mboga.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimejifungia karakana tangu saa tatu asubuhi, mita ya umeme kati ya betri na sanduku, nikiitazama bila kupepesa. Nilidhani mlaji ni redio. Sivyo, redio inadonoa tu. Nikadhani ni kioo. Sivyo. Mlaji ni ubongo! Na hauli unapoandika salamu. Unakula unaposubiri!

Nimeliandika hivi ili nisilisahau. Redio ikipata herufi huipeleka kwa ubongo kwa kijia kinachoitwa poti ya sirio, herufi moja nyuma ya nyingine, kwa foleni. Ubongo haujui foleni itaanza saa ngapi. Kwa hiyo unakaa macho pale mlangoni, usiku na mchana, nguo rasmi na viatu, kumsubiri mgeni anayekuja dakika moja tu alfajiri. Betri zinaishia hapo. Yaani kusikiliza kunachosha kuliko kusema! Shangazi Felisita amekuwa akisema hivyo miaka yote, nami nilidhani ananisema mimi.

Dawa ni usingizi. Chipu hii inaweza kulala, mita ikashuka karibu na sifuri, kisha herufi ya kwanza ikigonga mlango, inaamka. Nimeisoma sehemu hiyo ya kitabu chake mara tatu. Chipu iliyozaliwa kwa ajili yangu!

Bati lilikuwa linapasuka kwa joto. Nje vipande vya pamba vilivyoanguka kwenye malori vilikuwa vinabingirika barabarani polepole, bila haraka ya kufika popote. Nikaviangalia. Nikaona Usukuma nzima imelala, milima ya mawe imelala, malambo yamefumba macho, na kila kitu kinaamka mara moja tu, kinasema neno lake moja, kinalala tena. Nilipozinduka ilikuwa saa kumi na waya zilikuwa zimeniacha na ramani shavuni. Sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Lakini wazo limekaa vizuri.

Jumapili, 11 Septemba

Baada ya ibada nilikosea. Nilimweleza mwalimu wa kwaya habari za poti ya sirio. Akasikia poti ya siri. Mpaka tunafika kwenye miti tunapoegesha baiskeli, Selestini alikuwa amekwisha kueneza kwamba Januarius amejenga bandari ya siri kwenye lambo la Mzee Maganga. Mtu mmoja akaniuliza meli zitapita wapi.

Mzee akaniita pembeni. Akataka kujua maji yake yana siri gani ambayo yeye mwenye ng'ombe hapaswi kuijua. Nilitumia nusu saa. Mwishowe akasema ameelewa, ila hiyo poti niipe jina jingine, la heshima. Tumekubaliana iitwe kijia.

Jumanne, 13 Septemba

Kuandika programu ya usingizi ni kazi kubwa. Nimeona nianze na jambo jepesi. Nimehesabu herufi. Salamu zina herufi nyingi mara tano kuliko habari yenyewe! Nani anayekula betri kama si salamu? Jana jioni niliziondoa mbili, ya kaya na ya ng'ombe. Imebaki Mwangaluka baba, Maji 147.

Saa nne, wakati wa mapumziko ya shule, Milembe alikuja na chaki vidoleni. Baba yake alisalimiwa, akajibu, kisha akabaki amesimama, akingoja kuulizwa habari za ng'ombe. Sanduku likataja maji moja kwa moja. Mzee anauliza kama amelikosea nini. Milembe akasema kwao watu huulizana habari za ng'ombe, hata wakigombana.

Nikasema sanduku liko msibani.

Jioni mzee ameniletea bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, rambirambi. Alitaka kujua nani amefariki. Nikasema ni sanduku mwenzake, la kwanza kabisa, lililozama lambo mwezi wa sita. Huo si uongo. Michembe ilikuwa mitamu, nimeila yote kwa huzuni.

Nimepiga hesabu ya salamu zilizoondolewa. Kwa siku sitini, nimeokoa betri ya kutosha saa nne. Saa nne ni saa nne.

Ijumaa, 16 Septemba

Usingizi umekamilika!! Nimefanya kazi siku mbili bila hata kunyoa. Mita imeshuka mpaka nikadhani waya umekatika. Sanduku linalala kama mtoto aliyeshiba. Kwa hesabu zangu betri zitafika siku sitini na kupita, zitafika hata Krismasi.

Nimelijaribu mezani. Nikatuma neno. Mara ya kwanza kioo kiliandika kitu ambacho sikukiona vizuri, nilikuwa napiga chafya. Nikatuma tena palepale. Mwangaluka baba! Kamili, bila doa.

Nimelirudisha ukutani kwa mzee jioni hii. Milembe alinishikia msumari. Nikamwambia kwamba hata yeye angeweza kujifunza mambo haya, polepole. Akasema asante.

Jumamosi, 17 Septemba

Aibu! Aibu! Aibu!

Asubuhi hii sanduku liliamka, likaandika: wangaluka baba.

Atakayesoma shajara hii baada yangu, kama si Msukuma, ajue kwamba heshima yote iko kwenye ile M. Mwangaluka huambiwa mkubwa. Wangaluka, bila M, unamwambia mtoto, au rika lako mliyechunga naye mbuzi. Mzee Maganga ana miaka sabini na minne. Amesalimiwa na sanduku la betri nne kama anayechunga mbuzi!

Na Milembe akasoma kama ilivyoandikwa. Yule dada hajui kuficha. Mzee alivaa kofia yake, akaingia ndani. Bundala, mchungaji wake, alicheka mpaka akajishikilia kwenye boma, na tangu hapo kila anayelipita sanduku analiita rika.

Nani kala M? Ninajua. Selestini alionekana Alhamisi kwenye njia ya Dutwa. Halafu leo nilipomtazama kwa jicho kali, akaniamkia wangaluka. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Jumatatu, 19 Septemba

Nimelala mchana nikapata ufumbuzi. Kosa liko kwenye salamu. Tuondoe salamu! Milembe atamwamkia baba yake kwa niaba ya sanduku, ana mdomo, hana betri. Sanduku litataja maji tu. Na neno Maji nalo la nini? Lingetaja nini kingine, maziwa? Namba tupu. Namba tupu ni safi, inapendeza, inafanana na mimi.

Mzee amekubali kwa shingo upande. Amesema basi lisiseme kitu mpaka lijifunze adabu, litoe namba tu kama mfungwa. Nitabadilisha kesho jioni, Jumatano ndiyo litaanza.

Jumatano, 21 Septemba

Hata haya nitayaandika.

Nilifika kwa mzee alfajiri, nimenyoa, nikitegemea sifa. Mbingu ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyoingia maji na zizi lilikuwa linatoa mvuke, nikasimama pale nikijiona mtu wa maana. Milembe akamwamkia baba yake, kisha akasoma kioo. Arobaini na moja.

Chini ya hamsini! Bundala akasema haiwezekani, jana ng'ombe walikunywa maji yamewafika matumboni. Mzee akanigeukia. Ningeweza kusema ngoja nikaangalie. Nina baiskeli. Saa moja tu kwenda na kurudi.

Badala yake nikasema namba haidanganyi. Nikasema jua la Septemba linakunywa kuliko ng'ombe. Nikamwambia Bundala, mtu aliyechunga miaka ishirini, kwamba mtambo unaona kuliko macho yake. Nikakumbusha hata tope na miguu inayonasa. Nilizungumza vizuri sana. Mzee akaelekeza fimbo upande wa mtoni.

Nikarudi karakana, nikalala, nikaota malambo.

Saa nane mtu akaja mbio. Mabala amelala njiani, jua la utosi, nusu ya safari ya kurudi kutoka mchangani, na amekataa kuinuka. Nilikimbia njia yote. Nilimkuta ubavu, ulimi nje, madoa yake yamejaa vumbi mpaka huyaoni. Milembe alikuwa amekaa chini, kichwa cha ng'ombe mapajani mwake, amevaa bado gauni lake la shule, anammwagilia maji kwa kiganja kidogo kidogo. Alikuwa anaongea naye Kisukuma, akimwita mayu. Mama. Kwa kuwa alikuwa wa mama yake. Wanawake wakaleta ndoo vichwani. Wanaume sita wakampitishia miti miwili chini ya tumbo, tukainua, akaanguka, tukainua. Selestini naye alikuwapo, amevua shati, anainua kuliko wote. Mara ya nne akasimama. Miguu ilikuwa inacheza kama ya ndama.

Mzee alisimama mbele yake muda wote. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza.

Nina aibu. Naandika hivyo tu, sina namna nyingine ya kuiandika.

Alhamisi, 22 Septemba

Nimekwenda lambo asubuhi kwa baiskeli. Nikavua viatu nikaingia. Maji yakapita kiuno! Nikaangalia alama kwenye nguzo ya boya. Mia moja na arobaini. Maji mengi, yametulia, mawingu mawili madogo yamelala ndani yake na korongo mmoja amesimama kwenye mguu mmoja. Nikakaa ukingoni, suruali inanidondoka maji, nikiyaangalia yale mawingu hadi yakaondoka. Ng'ombe wote wangekunywa hapa jana. Saa mbili tu za kutembea.

Mabala yu hai. Anakunywa uji wa pumba. Mzee alinikaribisha kiti, akanisalimu vizuri, akauliza habari za shangazi, na kisha akasema Jumapili nije nichukue sanduku langu. Selestini amekwisha kumpendekezea njia nyingine. Atamtuma binamu yake Shida, kila alfajiri, kwa baiskeli, na fimbo iliyochongwa alama. Anachovya fimbo. Anarudi. Anasema.

Fimbo! Nilicheka kwa sauti. Hakuna mwingine aliyecheka.

Ijumaa, 23 Septemba

Milembe amekuja karakana saa tisa na karatasi ya daftari. Ameandika safu mbili. Upande mmoja, kilichotumwa. Upande wa pili, kilichosomwa. Mwangaluka, wangaluka. 141, 41. Akaiweka mezani juu ya mita yangu, akauliza nani anayemeza kile cha kwanza.

Nikasema hakuna anayemeza. Nikaanza kumweleza habari za Selestini. Akanikatiza kwa upole, akauliza mtu aliyeamshwa ghafla husikia neno la kwanza aliloitwa, au la pili? Nikasema inategemea na mtu. Akasema darasani kwake watoto ni tisini na wawili. Akiita majina asubuhi, jina la kwanza humezwa na kelele kila siku, na yule mtoto huandikwa hayupo na kulia. Kwa hiyo yeye huanza na jina la mtoto asiyekuwapo kabisa. Huita Masunga. Hakuna Masunga. Lakini Masunga akiisha kuitwa, darasa limetulia, na aliye wa kwanza kweli anasikia jina lake.

Nikamwambia suala la chipu ni gumu zaidi ya hapo. Alipoondoka nikafungua kitabu. Sio gumu zaidi ya hapo. Chipu ikigutushwa usingizini inahitaji kitambo mpaka mapigo yake yatulie, na herufi iliyoigutusha inapita hapohapo bila kusomwa. Yeyote atakayekuwa mbele kwenye foleni humezwa. M ilikuwa mbele. Baadaye ile moja ya mia.

Nimekwenda kulichukua sanduku ukutani, na nimeweka herufi X mbele ya kila kitu kinachotumwa. X ndiyo Masunga. Imezwe yeye. Nimejaribu mara thelathini na moja, kila mara baada ya kuliacha lilale kabisa. Hakuna kilichopungua! Halafu nikarudisha salamu zote, kaya na ng'ombe, kama Milembe alivyoniomba, na mita haikujali hata kidogo. Kumbe salamu hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kukesha mlangoni.

Nilitaka kukimbia nikamwambie mtu. Nikaamua kwanza nipumzike kidogo.

Jumapili, 25 Septemba

Mzee aliniruhusu asubuhi moja ya mwisho. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyopenda. Selestini. Shida na baiskeli na fimbo yake, ametumwa lambo tangu alfajiri ili tulinganishe. Shangazi Felisita, aliyekuja kuona betri zake zinaishi wapi.

Kioo kikawaka. Milembe akavuta pumzi, akasoma. Mwangaluka baba. Kaya mhola? Ng'ombe mhola? Maji 136.

Mzee akavua kofia polepole. Akajibu, mhola, mhola duhu, salama tupu. Akataja ng'ombe wake wote arobaini na tatu, na alipofika kwa Mabala akasimama kidogo, akasema huyu naye mhola, ameamka, amekula. Kisha akaliuliza sanduku kama msiba wao umekwisha salama. Nikaangalia chini.

Shida akarudi anahema, fimbo mkononi, maji yameacha alama. Mia moja thelathini na sita! Bundala akapiga mluzi, zizi likafunguliwa, ng'ombe wakatoka kuelekea lambo, Mabala nyuma kabisa, taratibu, Milembe ameweka mkono mgongoni mwake. Vumbi lao lilining'inia hewani likiwa la dhahabu hadi nikasahau kwamba watu wananipa mkono.

Mzee ameniita mwanangu. Mkutano wa wafugaji ni Jumamosi ijayo.

Ijumaa, 30 Septemba

Kesho! Wafugaji wa malambo kumi na moja. Sanduku litawekwa juu ya meza yenye kitambaa, na litamwamkia Mzee Sayi, mwenyekiti, miaka tisini na mmoja, mtu ambaye hata Mzee Maganga humwinamia. Inasemekana mwaka fulani aliondoka harusini kwa sababu bwana harusi alimsalimia akiwa bado anatafuna. Amekubali kukaa mbele kabisa, karibu na kioo, kwa kuwa masikio yamechoka lakini macho bado.

Leo alasiri nimekaa kivulini karakana kuipitia programu yangu mara ya mwisho, kwa raha tu, kama mtu anavyopitia barua aliyoiandika vizuri. Ng'ombe walikuwa wanalia mbali. Usingizi mtamu ulikuwa unakuja na kuondoka. Ndipo nikaiona ile X. Inakaa mbele ya salamu nzuri ya Kisukuma kama msumari kwenye keki. X si neno. Haisomwi na mtu. Haionekani hata kwenye kioo! Halafu kila alfajiri inatumwa, inakula betri, na haifanyi kazi yoyote. Mzee Sayi akiuliza kila herufi ina kazi gani, nitamjibu nini kuhusu hii? Na wakiuliza nani aliyeiweka, nianze kueleza habari za Masunga, mtoto asiyekuwapo?

Nimeifuta.

Nimejisikia mwepesi papo hapo. Herufi moja kila siku ni herufi mia tatu sitini na tano kwa mwaka, na kwa malambo kumi na moja ni zaidi ya elfu nne! Hotuba yangu itaanzia hapo. Milembe alipita jioni kuuliza kama aje kesho na karatasi yake, endapo wazee watataka maelezo. Nimemwambia asisumbuke, sanduku litamwamkia Mzee Sayi lenyewe.